Kidege cha Fito na Shashi

Kwa miaka mingi riziki ya Abdulaziz ilishuka kutoka angani. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanja kidogo cha ndege pale Ukunda, na kazi yake ilikuwa kuzipokea ndege zinapotua na kuziaga zinapoondoka. Alitia vizuizi vya mbao chini ya magurudumu, akasogeza ngazi, akabeba mizigo ya wageni wa hoteli za Diani, na kabla ya kila ndege kutua alikwenda kuhakikisha kwamba hakuna mbuzi wala nyani aliyejilaza njiani. Marubani walimjua kwa jina. Mmoja wao aliwahi kumpandisha mpaka Mombasa na kumrudisha, na Abdulaziz alipofika nyumbani akaulizwa na mkewe Hanifa ameona nini huko juu, alisema kweli: hakuona kitu, alifumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho akisoma Ayatul Kursi. Hanifa alicheka hadi akakaa chini.

Alipostaafu alirudi shambani kwake Kinondo, akawa na muhogo wake, minazi yake michache na kuku wa Hanifa. Binti yao Twaiba alikuwa ameolewa Jego, na nyumba ilibaki na watu wawili waliozoeana vizuri. Abdulaziz alikuwa mtu wa watu. Kukiwa na arusi, yeye ndiye aliyebeba masufuria ya pilau. Kukiwa na msiba, yeye ndiye aliyetangulia na jembe. Hakupenda kukaa akitazama wengine wakifanya kazi, na zaidi ya hapo hakupenda kufanyiwa kazi.

Lakini hujafa hujaumbika. Asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri aliinyanyua birika kwa mkono wa kushoto, na birika haikunyanyuka. Akajaribu tena. Akataka kumwita mkewe, na ulimi nao ukawa mzito, maneno yakatoka kama ya mtu aliyetia chakula mdomoni. Hanifa alipotoka jikoni alimkuta amekaa sakafuni, uso umepinda upande mmoja. Hakupiga ukelele. Aliita jirani mwenye gari, na jua halijapanda sawasawa walikuwa wamekwisha fika hospitali ya Msambweni. Kilikuwa kiharusi.

Mungu alimrehemu. Ulimi ulirudi upesi. Mguu ulirudi polepole, kwa msaada wa mkongojo. Mkono wa kushoto ndio uliogoma. Ulilala mapajani mwake kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa amshikie kwa muda, na mwenyewe akasahau kurudi kukichukua.

Pale Msambweni alipewa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana wa kutoka bara aitwaye Dolphine. Alikuwa mpole lakini hakubembeleza. Alimpa Abdulaziz sahani mbili, moja ina kunde na nyingine haina kitu, akamwagiza ahamishe kunde moja moja kwa vidole vya mkono ule mgonjwa, kila siku, asubuhi na jioni. Mbele ya Dolphine alijaribu. Nyumbani alikataa. Mtu mzima kukaa barazani akichezea kunde, watu wakipita wakimwona, lilikuwa jambo lisilomwingia akilini. Alimwambia Hanifa kwamba kunde huchaguliwa na mtu anayetaka kuzipika.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja ni mashaka matupu. Hanifa alimkatia nyama, akamfunga vifungo vya shati, akamkamulia nguo, na kila mara Abdulaziz alitazama pembeni. Majirani walileta ndizi, walileta samaki, wakaja kumpalilia muhogo bila kuambiwa. Aliwaambia ahsante, Mungu awalipe. Neno lilitoka mdomoni, lakini ndani mlikuwa na kitu kigumu ambacho neno hilo halikukigusa. Aliona kila sahani iliyoingia mlangoni imekuja kumkumbusha kwamba yeye si yule tena. Akawa mkali kwa vitu vidogo. Akawa hataki kutoka.

Ndipo akaja Seth.

Seth alikuwa fundi wa ndege, Mluhya wa Kakamega, ambaye zamani alitumwa mara kwa mara kutoka Nairobi kuja kutengeneza ndege zilizoharibika Ukunda. Siku hizo Abdulaziz ndiye aliyemshikia taa na kumletea chai na mahamri, akimwonea huruma kwamba hana jamaa pwani. Alipostaafu, Seth aliamua kwamba joto la pwani linayafaa magoti yake kuliko baridi ya Nairobi, na Abdulaziz ndiye aliyemtafutia nyumba Ukunda na kumwelekeza kanisa lilipo. Huko ndiko alikoishi, mjane, akijishughulisha na kitu ambacho watu wengi wa Ukunda walikiona cha ajabu: alikuwa akiunda ndege ndogo za mti, za mtindo wa zamani, zinazoruka kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Alijifunza ufundi huo ujanani katika shule ya ufundi, akauacha kwa ajili ya kazi na watoto, sasa ameurudia.

Alikuja kwa bodaboda, amekumbatia furushi. Baada ya salamu na pole, na baada ya chai, alilifungua mezani. Mlikuwa na vipande vya mbao nyembamba, vyeupe, vingine vinene kama penseli na vingine vyembamba kama njiti, na mbao bapa zisizozidi unene wa ganda la yai. Alimtilia Abdulaziz kipande kimoja mkononi, mkono ule mzima. Kilikuwa chepesi kama chelezo cha wavuvi kinachoelea majini, chepesi zaidi hata. Abdulaziz alifikiri ameshikishwa hewa.

Seth akaeleza kwamba huo ndio mti wa balsa, unaotoka nchi za mbali ng'ambo, na kwamba alitaka kuunda ndege ya mtindo wa zamani kweli, mabawa yake juu ya kiwiliwili, marefu kuliko mkono wa mtu. Lakini, alisema, macho yake yalikuwa yameharibika. Mistari ya ramani ya kuundia alikuwa haioni tena sawasawa. Alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia.

"Mimi nina mkono mmoja," Abdulaziz alisema.

"Na mimi sina macho," Seth akajibu. "Tukijumlisha tunapata mtu mzima mmoja."

Abdulaziz hakuweza kumkatalia. Yeye hakuwa na mazoea ya kumkatalia mtu aliyekuja kuomba msaada, na kwa miezi mingi hakuna aliyekuwa amemwomba.

Wakaanza. Seth alikuja kila alipopata nafasi, na kazi ilifanywa kwenye meza ya kulia, karibu na mlango ili mwanga uingie. Ramani ilitandazwa juu ya ubao laini, ikafunikwa kwa nailoni inayoonyesha mistari ili gundi isiishike. Kila mstari wa ramani ulikuwa na fito yake ya balsa: ulikata fito kwa wembe kwa urefu uleule, ukailaza juu ya mstari wake, ukaibana kwa pini huku na huku, ukatia tone la gundi pale inapokutana na mwenzake, ukaacha ikauke. Abdulaziz aliielewa kazi ile mapema, kwa sababu haikuwa mbali na kusuka ukuta wa nyumba ya udongo: fito wima, fito za kulala, na subira. Ila hapa nyumba nzima ingeingia ndani ya kapu.

Taabu ilikuwa kukata. Fito haikatiki vizuri kama haikushikwa, na mkono wa kulia ulikuwa na wembe. Seth akaunyanyua mkono wa kushoto wa rafiki yake kutoka mapajani, akauweka juu ya fito, akasema haombi kitu zaidi ya hapo. Uwe jiwe tu. Ulalie fito isiondoke.

Na mkono ukawa jiwe. Siku za kwanza haukujua kingine. Lakini mkono wenye kazi si kama mkono usio na kazi. Abdulaziz alianza kuhisi fito chini ya vidole, kwanza kwa mbali, kama mtu anayegonga nyumba ya pili. Kisha akajaribu kuubonyeza mkono juu ya fito, nao ukabonyeza. Kisha, bila kumwambia mtu, akajaribu kuokota pini kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Pini ilianguka. Akaiokota tena ikaanguka tena. Alikaa nayo mpaka Hanifa akamwita chakula mara mbili. Kunde alizikataa, lakini pini hakuziona aibu, kwa sababu pini ilikuwa inangojewa na kazi.

Mbavu za mabawa zilikatwa zote kwa kigezo kimoja, zikasuguliwa kwa msasa pamoja zikiwa zimefungwa kama chana la ndizi, ili moja isiizidi nyingine. Kiwiliwili kikasimama: pande mbili za fito zilizounganishwa kwa vijiti vya kukingamana, kikawa kama mgono mwembamba wa kuvulia samaki. Hanifa alikuwa akipita na kazi zake, akitazama kwa pembe ya jicho. Aliogopa kusema kitu kisije kikamzindua mumewe kwamba alikuwa amerudi kuwa mchangamfu.

Siku moja Seth hayupo, Abdulaziz alikuwa akisugua kingo za kiwiliwili, amekiweka upande wake wa kushoto. Upepo wa kusi ulikuwa mkali. Mlango ukasukumwa, upepo ukaingia, na kile kitu kisicho na uzito kikateleza juu ya meza kama jani na kuanguka. Abdulaziz hakufikiri. Kilianguka upande wa kushoto na mkono wa kushoto ukakidaka. Kikafanya sauti ya mabua makavu yanayokanyagwa.

Aliinama akatazama. Fito mbili ndefu zilikuwa zimevunjika, na vijiti kadhaa vimepondeka. Kazi ya siku nyingi ilikuwa imesagika ndani ya kiganja chake. Na kiganja kilikuwa kimefunga. Vidole vyote, hata kile kidogo cha mwisho ambacho tangu kiharusi hakikuwahi kutikisika, vilikuwa vimekumbatia yale mavunjiko kwa nguvu hata yeye mwenyewe akashindwa kuvifungua.

"Mama Twaiba," aliita. "Njoo uone."

Hanifa alikuja na sinia la mchele aliokuwa akipepeta. Aliona mbao zilizovunjika kwanza, akasikitika. "Masikini, kazi yote hiyo."

"Si hiyo. Tazama mkono."

Akatazama. Akaliweka sinia chini, akakaa sakafuni mbele ya kiti chake, akavishika vile vidole kimoja kimoja kama mtu anayehesabu vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Akaanza kusema alhamdulillahi, akairudia na kuirudia huku akitikisa kichwa. Abdulaziz naye alicheka, machozi yakimtoka. Walikaa hivyo, mchele ukaliwa na kuku.

Seth alipofika alasiri alikuwa amekwisha pigiwa simu kwamba kiwiliwili kimevunjika, akawa amejiandaa kumliwaza mtu. Alimkuta mtu anayecheka. Aligeuza yale mavunjiko, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akatoa wembe, akaonyesha namna ya kuunga fito iliyovunjika: unakata ncha mbili kwa mshazari mrefu, unazilaza pamoja kwa gundi, na kiungo kinakuwa imara kuliko mti wenyewe. Waliunga jioni ile ile. Na Dolphine alipoonyeshwa mkono kule Msambweni, aliutikisa akaukunjua akaukunja, akaomba ahadithiwe tena namna ulivyodaka. Alicheka sana. Kisha akamwonya kwamba habari njema ni nusu ya safari: mkono umejifunza kushika, lakini kwa wagonjwa wa kiharusi kuachia ndiko kugumu zaidi, na hilo litataka mazoezi. Abdulaziz alirudi nyumbani akamwomba Hanifa zile kunde mwenyewe, akazihamisha barazani, mchana, watu wakipita. Walimsalimia, akawajibu.

Kukifunika kidege ilikuwa kazi ya watu watatu. Ndege za zamani zilivikwa kitambaa, na hizi ndogo huvikwa karatasi laini na nyembamba ya shashi. Seth alikuwa na karatasi nzuri ya manjano na nyingine nyekundu kwa ajili ya mkia, chache, za kutumia kwa uangalifu. Alikuwa ameanza na mkia kwa haraka katika siku za mvua, akapaka ile vanishi nyembamba inayoifanya karatasi isipitishe hewa, na unyevu wa pwani ukaiharibu: vanishi ikageuka nyeupe kama ukungu wa mkate. Ikabidi wabandue na kungoja siku kavu.

Siku kavu ilipokuja, Hanifa alinawa mikono akavuta kiti. Huko nyuma alikuwa mshonaji wa hoteli moja ya Diani, mapazia na vitambaa vya meza, na tangu aziache kazi hizo alikuwa akishona nguo za majirani kwa cherehani yake. Alipapasa ile shashi, akaivuta huku na huku, akasema ina njia yake kama kitambaa, upande mmoja unanyooka zaidi. Seth akasema ndivyo hasa, na kwamba njia hiyo ilazwe kwa urefu wa bawa. Baada ya hapo walielewana kwa maneno machache. Hanifa alipika kanji nyepesi, ile ya kutilia kanzu makali, kwa sababu alisema gundi ya Seth inamshika vidole. Seth akasema hata mafundi wa zamani walitumia wanga. Wakapaka kanji kwenye kingo za bawa na kwenye mbavu, wakailaza karatasi, wakaivuta taratibu kutoka katikati kwenda nje. Abdulaziz alipewa upande mmoja wa kushika. Alishika kwa mkono wa kushoto, na kila Hanifa aliposema achia, aliviambia vidole viachie, na vilichelewa, lakini viliachia.

Kisha Hanifa akaleta chupa ya kunyunyizia maji anayoitumia akipiga pasi. Akalinyunyizia bawa lote. Abdulaziz aliona karatasi ikilegea, ikijaa makunyanzi, ikining'inia baina ya mbavu kama ngozi ya mzee, akafikiri wameiharibu. Seth akasema waende wakale. Walikula wali wa nazi na kunde, kunde zile zile pengine, bila haraka. Waliporudi, bawa lilikuwa limekauka. Hapakuwa na kunyanzi hata moja. Karatasi ilikuwa imejivuta yenyewe ikakaza, na mwanga wa mlangoni ulipita ndani yake ukaonyesha mbavu zote zimejipanga. Abdulaziz alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto akaligonga. Likalia kama ngoma ndogo. Akagonga tena.

Walimaliza mabawa yote, kisha kiwiliwili. Yakabaki magurudumu, ambayo waya wake ulitakiwa kushonewa kwa uzi kwenye fito za tumboni. Hanifa alitafuta miwani yake ili atunge uzi kwenye sindano, hakuiona. Alikuwa amemgeukia mumewe, lakini Seth alikuwa karibu zaidi. Seth akapokea sindano, sindano nyembamba ya kushonea hariri, akaulamba uzi, akautunga kwa mara ya kwanza, bila miwani, bila hata kuinyanyua sindano kuielekeza kwenye mwanga. Akamrudishia Hanifa, akaendelea na maneno aliyokuwa akiyasema.

Abdulaziz aliona. Seth naye akaona kwamba ameonekana. Akanyamaza katikati ya sentensi, akakohoa, akaomba maji.

Hawakusema lolote mbele ya Hanifa, ambaye alikuwa amejishughulisha na mshono kupita kiasi, kwa namna iliyomjulisha Abdulaziz kwamba naye alikuwemo katika shauri hilo tangu mwanzo. Alipomsindikiza mgeni mpaka barabarani kungoja bodaboda, Abdulaziz ndiye aliyeanza.

"Macho yako mazuri, Seth."

"Ni mazuri," Seth alikubali. "Mkeo alinieleza hali yako. Mimi niliongeza uongo wangu."

"Ungekuja na habari ya kunitibu ningekufukuza."

"Ndiyo maana sikuja nayo."

Abdulaziz alitafuta neno. Alikuwa amesema ahsante mara nyingi mwaka ule, zikawa kama sarafu zilizochakaa. Alimshika Seth mkono kwa mkono wake wa kushoto, kinyume cha adabu, akaukaza kadiri alivyoweza. "Nimeona," alisema. "Na nimeshukuru. Namaanisha." Seth aliitikia kwa kichwa. Bodaboda ikaja, na kwa muda Seth hakuweza kuipanda kwa sababu mkono uliomshika haukuwa umeachia bado. Wote wawili wakacheka wakiungojea.

Walikirusha asubuhi, saa ambayo umande haujakauka na upepo haujaamka, kwenye uwanja wa mpira wa kijiji. Kilikuwa kizuri kuliko Abdulaziz alivyothubutu kutarajia: manjano mwilini, mkia mwekundu, pangaboi ya mti iliyochongwa kwa mkono mbele, na mabawa yaliyoinuka kidogo kwenye ncha kama mtu anayekaribisha wageni. Kwanza walikijaribu kwa kukisukuma kidogo tu juu ya majani marefu bila kukitia nguvu. Kilinyanyua pua, kikasita, kikaanguka kwa mkia. Seth alikuwa na chubwi za mishipi mfukoni, vile vipande vya risasi vya kuzamishia ndoano. Akabandika moja puani. Safari ya pili kikateleza sawasawa mpaka kikakaa majanini kwa upole.

Basi Seth akaunasa ule ukanda mrefu wa mpira uliomo ndani ya kiwiliwili, akausokota kwa kekee ya mkono, mizunguko mingi, huku Hanifa amekishika kidege kwa mbele. Mpira ulipojaa mafundo, mtu alitakiwa akishike kiwiliwili kwa mkono mmoja na pangaboi kwa mkono mwingine, kisha aachie pangaboi na kusukuma. Seth alinyoosha mikono akipokee.

"Mwache yeye," Hanifa alisema.

Abdulaziz akautupa mkongojo. Akakishika kiwiliwili kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto akashika jani la pangaboi, akauhisi mpira unavyovuta, unavyotaka. Akaelekea upande ambao hewa ilikuwa ikija kidogo. Akauambia mkono uachie. Mkono haukuachia. Akavuta pumzi. Hakuna aliyemharakisha. Akasema Bismillahi, akaviwazia vidole kama alivyofundishwa Msambweni, kimoja baada ya kimoja, cha mwisho, cha pili yake, cha kati. Vikafunguka. Pangaboi ikampiga kwenye vifundo vya vidole ikanguruma, na akasukuma.

Kidege kikaondoka. Hakikwenda kwa kasi. Kilipanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake, kikizunguka kushoto kwa duara pana, kikapita juu ya goli, kikapanda, kikawa usawa wa vichwa vya minazi, kikapita hapo. Jua lilikuwa limetoka na likapenya ndani ya shashi, na mbavu zake zote zikaonekana kutoka chini, zile walizozikata na zile walizoziunga. Abdulaziz alikitazama kinywa wazi. Maisha yake yote alizipokea ndege zilizokuwa za watu wengine. Hii ilikuwa yake, na ameiaga kwa mkono wake.

Mpira ulipokwisha, mngurumo ukanyamaza, na kikaendelea kuteleza bila sauti, duara baada ya duara, kikishuka. Kiliacha uwanja, kikavuka njia, kikatua ndani ya muhogo wa Kadzo, jirani mmoja Mgiriama aliyekuwa akipalilia. Walipomfikia alikuwa amekwisha kiokota, amekishika kwa mikono miwili mbali na mwili wake, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Aliuliza kimetoka wapi. Seth akamnyooshea Abdulaziz kidole. Kadzo akamtazama mtu ambaye yeye na wenzake walimpalilia shamba alipokuwa mgonjwa, akasema hakujua kwamba alikuwa na ufundi huo.

"Sikuwa nao," Abdulaziz akamjibu. "Nimepewa." Kisha akamwambia Kadzo kwamba ule muhogo walioupalilia umekomaa, na kwamba hakuwahi kuwashukuru inavyostahili, na kwamba aje achimbe mzigo mzima, yeye na wote waliokuja siku ile. Kadzo aliona haya, akasema haikuwa kitu. Abdulaziz akasisitiza kwamba ilikuwa kitu.

Bawa moja lilikuwa limechanika kidogo kwa kijiti cha muhogo, tundu dogo la kuingia kidole. Hanifa alilitazama akasema atalitia kiraka. Walirudi nyumbani polepole. Seth alitangulia na kidege, mume na mke wakafuata nyuma, na njiani Abdulaziz akamwambia mkewe jambo ambalo wanaume wa rika lake hawana mazoea ya kulisema. Alimwambia kwamba katika maradhi yake yote alimwona, kila kifungo na kila tonge, hata alipokuwa akitazama pembeni. Hanifa alirekebisha mtandio wake, akatembea hatua chache, akasema alijua, lakini amefurahi kusikia.

Siku hizi Abdulaziz hana mkono wa kushoto kama wa zamani, na daktari amemwambia huenda asiupate wote. Unachoka upesi, na siku za baridi unakuwa mgumu. Lakini unashika na unaachia. Yeye na Seth wameanza kidege kingine, chenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na Hanifa amekwisha sema kwamba rangi atachagua yeye. Na kila Ijumaa baada ya sala, watu wanapotoka, Abdulaziz hubaki msikitini akiomba dua ndefu. Huwataja watu kwa majina: mkewe, binti yake, Kadzo na wote waliompalilia, Seth ambaye dini yake ni nyingine na Mungu anajua, na yule binti wa Msambweni ambaye mpaka leo jina lake linamshinda kulitamka vizuri. Hulijaribu mara mbili, tatu, mpaka limtoke sawa. Mwangalizi wa msikiti humngojea na ufunguo, asimharakishe.